Pima Mlango Kabla ya Kumkataa Mpangaji

Mteja wetu mmoja, dada anayetumia kiti cha magurudumu, aliipenda nyumba kwa picha. Mwenye nyumba akamwambia, "Iko chini, haina ngazi hata moja, njoo tu." Akaja. Sebuleni akapita, jikoni akapita, mlango wa choo ukamgomea: uwazi wake sentimita 62, kiti chake 66. Mwenye nyumba hakudanganya. Tepu tu ndiyo hakuwahi kuishika.

Tangu siku hiyo, nyumba yoyote tunayopewa kupangisha au kuuza tunaipima kwanza. Mlango unaofaa kiti cha magurudumu uwe na uwazi wa sentimita 80 kwenda juu, 90 ndiyo raha. Chooni iwepo nafasi ya sentimita 150 hivi ya kukizungusha kiti. Na mlango wa choo ni heri ufungukie nje, maana mtu akianguka ndani akauegemea, wa nje hawezi kuusukuma amfikie.

Wenye nyumba wengi hofu yao ni gharama na uharibifu, na hatuwalaumu. Lakini swali la kumuuliza mpangaji ni "Unahitaji nini humu ndani?" na si "Unaumwa nini?" Mara nyingi jibu ni dogo kuliko alivyodhani mwenye nyumba: kitasa cha mkono badala ya kile cha duara kwa mwenye viungo vinavyouma, taa inayowaka kengele ikibonyezwa kwa kiziwi, vishikio viwili chooni. (Vishikio vifungwe kwenye ukuta imara. Tumeshaona kimoja kikibanduka na marumaru yake.) Mbwa anayemwongoza asiyeona naye asihesabiwe kama mnyama wa kufugwa tu, yule ndiye macho yake.

Kinachokosewa sana ni njia ya mteremko. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 zinafanya kimo cha 45, kwa hiyo mteremko unahitaji mita 5.4. Fundi akikumwagia zege la mita moja na nusu, amekujengea bembea ya kuteleza, na mtu wa kiti hapandi pale bila kusukumwa.

Nani alipe? Sheria za nchi hutofautiana, zisome za kwenu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unahesabu kumnyima mtu marekebisho yanayowezekana bila kumlemea mwingine kuwa ni ubaguzi. Sisi tunashauri kila rekebisho liandikwe kwenye mkataba wa pango: nani ananunua, nani anafunga, na mpangaji akihama litaondolewa au litabaki. Ugomvi wa amana karibu wote tuliosuluhisha ulianzia kwenye "tulielewana kwa mdomo".

Mpangaji naye aje na kiti chake siku ya kuona nyumba, asitume ndugu aje kumwangalizia. Ndugu ataona rangi ya ukuta. Kizingiti cha sentimita 4 hatakiona.

Upande wa wauzaji kuna mambo mawili. La kwanza, wapo wanaong'oa vishikio na kuvunja mteremko kabla ya kuuza, wakidhani vinaishusha nyumba bei. Tunawazuia. Mnunuzi mwenye mzazi mzee anazitafuta nyumba za namna hiyo, na zinazopatikana ni chache. La pili ni zito zaidi: muuzaji mwenyewe akiwa na ulemavu. Kifungu cha 12 cha mkataba ule wa Umoja wa Mataifa kinampa haki sawa ya kumiliki na kurithi mali, hivyo kutoona au kutosikia hakumfanyi mtoto wa kusemewa. Asiyeona asomewe hati yote na mtu aliyemchagua mwenyewe, kiziwi apate mkalimani wa lugha ya alama, na huyo msomaji au mkalimani asiwe jamaa wa mnunuzi. Tuliwahi kusitisha mauziano mezani kwa sababu hiyo. Mnunuzi alikasirika, tukaahirisha siku tatu.

Ukitupigia kutafuta nyumba, tuambie upana wa kiti chako ukiwa umekikalia, mikono ikiwa kwenye magurudumu. Vidole navyo vinahitaji nafasi.