Usiifukie Hadithi ya Mwaloni

Kirumba, Mwanza

Shija ndugu yangu,

Habari za Dar? Huku tuko salama. Mama nilimkuta sokoni, anakusalimu sana na anaulizia simu zako. Ila kilichonifanya niandike barua nzima ni ule ujumbe wako kwamba skripti ya mgeni kutoka sayari nyingine umeiacha, kisa huna hela ya chombo cha angani.

Kabla hujaitupa, tafuta filamu inaitwa The Brother from Another Planet. John Sayles aliitoa mwaka 1984. Aliiandika, akaiongoza na kuihariri mwenyewe, kwa takriban dola 350,000, fedha ndogo mno kwa sinema ya Marekani. Chombo chenyewe hukioni sana. Kinaanguka majini bandarini New York, na jamaa, yaani huyo mgeni, anajikokota hadi kisiwa cha Ellis, pale walipopokelewa wahamiaji zaidi ya milioni 12 kati ya 1892 na 1954. Jengo ni tupu. Anagusa tu, na sauti za waliopita pale zinamjia, watu wa lugha mbalimbali, wengine wanalia. Ni mkono na sauti, Shija. Hiyo ndiyo miujiza yote, na mimi nywele zilinisimama.

Jamaa ni mweusi, hasemi neno, miguu yake ina vidole vitatu vitatu. Ni mtumwa aliyetoroka kwao. Anaangukia Harlem, anaingia baa, na wateja wanaanza kumjadili hapohapo mbele yake: huyu ni kiziwi? Ni mgonjwa? Sayari haimjii mtu kichwani. Lakini kabla hawajakubaliana, ameshapata pa kulala, na kazi ya kutengeneza mashine za gemu, maana akiweka kiganja juu ya mashine iliyokufa, inafufuka. Joe Morton anaibeba filamu yote kwa macho. Mtazame anavyosikiliza. Wanaomsaka ni wazungu wawili waliovaa nyeusi, mmoja wao ni Sayles mwenyewe, na mwendo wao peke yake unachekesha.

Kuna kijana kwenye treni ya chini ya ardhi anamfanyia mazingaombwe ya karata. Mwisho anamwambia atawafanya wazungu wote watoweke. Treni inasimama kituo cha mwisho kabla ya Harlem, wazungu wote wanashuka. Nilicheka, halafu kicheko kikanikwama. Kisha jamaa anakwenda makumbusho na mtoto mmoja, wanafika kwenye picha ya mtumwa mtoro. Anaionyesha picha, anajionyesha mwenyewe, anaelekeza kidole juu. Mtoto anaelewa. Nionyeshe hotuba itakayoyasema hayo kwa uzito ule.

Kuna sehemu jamaa anakutana na mwimbaji wa kike, hiyo naona wameivuta mno, na wewe utaona hivyo. Mwisho sikwambii.

Sasa turudi kwako. Kile kikao cha marais kwenye skripti yako kiondoe, hakikusaidii kitu. Mgeni wako ashukie Mwaloni, hapa kwenye soko letu la samaki, alfajiri, magunia ya dagaa yanapakiwa, wachukuzi wanapigiana kelele za kupishana. Kuna injini ya mtumbwi imegoma, fundi ameshaifungua plagi, ameifuta, amevuta kamba mpaka jasho linamtoka. Mgeni anaweka kiganja juu ya ile injini na inanguruma. Nani atamuuliza katoka sayari gani? Watamuuliza kama ni wa kisiwani Ukara au ni Mkongo, na mama ntilie atampa chai kwanza.

Halafu kuna jambo la samaki, ambalo umelikwepa kabisa, na ndilo lenye uchungu wetu. Kule Harlem jamaa anafuatilia unga unaoua vijana, toka mtaani hadi kwa mtu mwenye suti ofisini. Wako amfuatilie sangara mmoja tu. Amwone akipimwa kwenye mzani, mvuvi akitajiwa bei asiyoipanga yeye. Kiwandani minofu inapakiwa iende Ulaya, mabondo, vile vibofu vya hewa vya tumboni, yanakwenda Asia, na mapanki, mifupa na vichwa vilivyobaki, yanarudi mitaani kukaangwa. Asiseme neno. Mtu wa kwetu akiona uso wa mgeni anayeyatazama haya kwa mara ya kwanza, atayaona na yeye upya. Hii filamu ni wewe tu unayeweza kuiandika, maana umekulia hapa na unajua kila mtu pale mwaloni anavyoongea.

Kwa hiyo andika upya kurasa kumi za mwanzo, unitumie kwa basi au kwa simu, vyovyote. Nimeshaongea na mjomba, mtumbwi atatupa siku za Jumapili pamoja na injini, mafuta tutajaza sisi. Kamera ya yule jamaa wa harusi inakodishwa kwa bei ya kuelewana. Niambie unakuja lini ili nimpe mjomba tarehe.

Wako,
Bahati