Miaka 150 ya Frere Town: tusiharibu kwa saruji

Mhariri,

Makanga wakiita "Kengeleni!" huwaita abiria kwenye kengele ya Frere Town, Mombasa, mji wa watumwa walioachwa huru uliotimiza miaka 150 mwaka 2025. Jina ni la Bartle Frere, Mwingereza aliyepigania kukomesha biashara ya watumwa, ambaye hakuishi hapa. Kazi ya kuuanzisha, mwaka 1875, iliongozwa na mmishonari William Salter Price pamoja na Waafrika waliookolewa utumwani na kulelewa Nasik, India. Bamba la ukumbusho likiwekwa, liwataje na hao.

Ila atakayekarabati kuta za kale za matumbawe, saruji aiache dukani. Saruji hufungia unyevu ndani, chumvi inasukuma, na lipu inabambuka vipande vipande. (Rangi ya mafuta nayo ni balaa lile lile.) Tumia chokaa iliyoroweshwa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga uliooshwa kwa maji yasiyo na chumvi, si wa ufuoni. Lowesha ukuta kwanza, kisha funika kwa magunia mabichi wiki nzima; jua likiiwahi, lipu hupasuka. Bamba la shaba lisikazwe kwa parafujo za chuma: zitaliwa na kutu, na ukuta utachuruzika michirizi ya hudhurungi.

Msomaji, Kisauni, Mombasa