Risala ya Wakulima na Wazazi wa Chuo cha Kurani kwa Mgeni Rasmi: Ufunguzi wa Banda Jipya la Kusomea, Wilaya ya Wete, Pemba

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mheshimiwa Sheha, maustadhi, wazee wetu, mama zetu na wanafunzi: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, na tunamswalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.). Pili tunakushukuru wewe, mgeni rasmi, kwa kuitika wito wetu. Kwa barabara hii ya kwetu, kufika kwenyewe ni hisani.

Mheshimiwa mgeni rasmi, banda unalolifungua leo limejengwa kwa karafuu. Msimu uliopita kila nyumba ilitoa ilichojaaliwa, na asiye na mikarafuu alitoa nguvu zake, akabeba mchanga na kufyatua matofali. Zao hili tumelirithi. Lilishamiri visiwani tangu miaka ya 1830, zama za Sultani Seyyid Said. Kimbunga cha 1872 kikaivunja mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikanusurika, na tangu hapo mzigo mkubwa wa karafuu ni wetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wa babu zetu walipewa eka tatu tatu, na wapo hapa vijana wanaochuma kwenye eka hizo hizo.

Msimu ukiingia, chuo hubadilisha saa. Karafuu haingoji mtu: ikishafunua ua imeharibika, kwa hiyo wachumaji huondoka baada ya sala ya alfajiri, upembo, fimbo ya kuvutia matawi, begani. Usiku familia nzima hukaa jamvini kuchambua, vikonyo huku, karafuu kule, na watoto husomeshwa hapo hapo. Utamsikia mtoto anasoma sura ya Amma yatasaaluna huku vidole vinanyonyoa. Akikosea harakati, yaani alama za irabu, bibi yake humrudi bila kuinua macho kwenye lundo. Ukifunua juzuu za chuo hiki, Mheshimiwa, utakuta madoa ya rangi ya kahawia na harufu utaijua mwenyewe.

Ibada zetu tunazifuata kwa mwezi, kilimo tunakifuata kwa jua. Mwaka wa mwezi hupungua siku kama 11, ndiyo maana Ramadhani hutukuta safari hii tunapanda mpunga, safari nyingine tunavuna. Wazee waliijua miongo, wakihesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua, wakajua lini kushuka bondeni. Leo waliobaki na hesabu hiyo ni wachache sana, na vijana wanasikiliza utabiri wa redio. Mvua ikichelewa, lakini, sote hutoka uwanjani kusali na kuomba. Na wezi wa karafuu mbichi wakizidi, husomwa Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi. Wapo masheikh wasioipenda, nasi hatutaki kufungua mjadala huo mbele ya mgeni. Tunasema tu kwamba ikitangazwa, wizi hupungua.

Jambo linalotusumbua zaidi ni zaka. Katika madhehebu yetu ya Shafi, nisabu ya nafaka, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ni pishi 300 za kipimo, na mpunga uliomo gandani ni pishi 600. Uliomea kwa mvua hutolewa fungu moja katika kumi. Uliomwagiliwa kwa gharama, moja katika ishirini. Karafuu si chakula cha kuwekwa ghalani, kwa hiyo haina zaka ya mavuno. Fedha yake ikifika nisabu na kukaa mwaka ndipo hutolewa moja katika arobaini. Vijana waliosoma nje hurudi na kauli ya madhehebu ya Hanafi kwamba kila kiotacho kina zaka, na ubishi huhamia barazani. Kwa maoni yetu ubishi si tatizo. Tatizo ni kwamba wengi hatupimi kabisa: tunatoa pakacha moja kwa jirani maskini, tunasema Mungu atakabali, na hatujui kama tumemaliza deni.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunayo maombi matatu.

La kwanza, tupatiwe mwalimu wa fiqhi, elimu ya sheria za dini, atakayekaa nasi wakati wa mavuno, atufundishe kupima na kugawa, kina mama wakiwemo, maana mpunga mwingi wa bonde hili ni jasho lao.

La pili, sakafu ya kuanikia. Karafuu hutaka jua la siku nne hadi wiki. Ikinyeshewa hupauka na kuota ukungu, na majamvi tuliyonayo hayatoshi.

La tatu ndilo zito. Maji ya bahari yanaingia bonde la chini. Konde zilizokuwa zikilisha nyumba nyingi sasa zina magadi meupe, na mpunga hunyauka kabla ya kutoa suke. Tulijenga tuta kwa majembe na viroba vya mchanga, bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, likalibomoa. Tunaomba wataalamu waje kulipima bonde kabla ya masika, na nguvukazi tutaitoa sisi. Baada ya dua, wazee wako tayari kukupeleka ukalione. Ni mwendo mfupi kwa miguu, ila viatu itabidi uvivue.

Wabillahi tawfiq. Tunaomba kuwasilisha.