Jinja imebaki na umeme, ufundi umepotea

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ajira za vijana wa Jinja, Uganda, maana zikijadiliwa huhesabiwa tu waliopata kazi, bila kuulizwa ni kazi za namna gani.

Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake ulikusudiwa kuendesha viwanda, na mji ukapata vya nguo pamoja na kile cha kuyeyushia shaba ya Kilembe, vikawavuta watu wa makabila mengi ambao waliishi mtaa wa Walukuba na kuelewana kwa Kiswahili. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, kisha vita na uhaba wa vipuri, kuliviangusha vingi. Sukari ya Kakira ingalipo, na viwanda vipya vimejengwa, lakini kijana anayemaliza shule hapa aghalabu huishia kwenye bodaboda, kibanda cha pesa za simu, ulinzi wa usiku au hoteli za watalii.

Sizidharau kazi hizo, kwani mwanangu mwenyewe ni mwendesha bodaboda. Marehemu baba yangu aliingia kiwanda cha nguo akiwa mfagiaji wa vumbi la pamba chini ya mashine, na miaka ilivyokwenda akawa fundi aliyeweza kusimama mlangoni, akasikiliza, akajua ni mashine ipi inayohitaji grisi. Ujuzi huo wote aliupata kazini, huku akilipwa. Mwanangu ana miaka sita barabarani. Kila jioni humpelekea mwenye pikipiki hesabu yake kwanza, kinachobaki ndicho chakula, na hata akiugua hesabu hudaiwa vilevile. Hakuna aliyemfundisha lolote tangu aanze.

Wanaotuambia kwamba utalii utatosha wakumbuke maporomoko ya Bujagali, yaliyowaleta wageni wengi, ambayo sasa yako chini ya maji ya bwawa lililozinduliwa mwaka 2012.

Jinja ni jiji tangu 2020. Naiomba halmashauri yetu, inapomgawia mwekezaji ardhi ya viwanda, iandike katika mkataba idadi ya wanagenzi wa hapa atakaowafundisha na kuwalipa, na isikubali ardhi hiyo igeuzwe maghala ya bidhaa zilizotengenezwa kwingine, kama lilivyogeuzwa jengo alimofanyia kazi baba yangu, ambalo leo linahitaji walinzi wawili na wapagazi wa kupakua malori.

Msomaji wako,
Walukuba, Jinja