Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wapiga Picha, Tanga

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Nawashukuru nyinyi 17 mliofika. Tuko wanachama 41. Tangazo liliwekwa kwenye kundi la WhatsApp mara 4, na waliolisoma ni 33, simu haidanganyi. Najua jana kulikuwa na harusi kubwa Mabawa, lakini haiwezekani bwana harusi awe ameita kamera 24.

Ya kawaida nayapitia haraka kwa kuwa mnayajua. Vikao vya mwezi vilifanyika 9 badala ya 12. Mafunzo ya vijana yalifanyika mara mbili. Mwenzetu wa Makorora alipofiwa tulikwenda kuhani. Matembezi ya usiku yalikuwa 5: Bustani ya Jamhuri, mnara wa saa, stesheni ya reli, Raskazone na magofu ya Tongoni.

Sasa lile ambalo wengi mmelijia. Nimesemwa vijiweni, na nimesemwa kwenye kundi saa sita za usiku, kwamba mwenyekiti ameamua peke yake maonyesho ya mwaka yawe ya picha za usiku tu, tena nyeusi na nyeupe. Si kweli kwamba niliamua peke yangu. Niliitisha kamati mara tatu, na mara zote tatu tulikuwa mimi, katibu na chai. Ukumbi ulikuwa umeshalipiwa. Mlitaka nifanyeje?

Na uamuzi wenyewe nautetea. Simameni usiku barabara yoyote ya Ngamiani: duka hili lina taa nyeupe ya kuelekea bluu, lile lina balbu ya njano, bodaboda inapita na taa yake, na muuza chipsi ana tyubu ya kijani. Pigeni kwa rangi muone uso wa mtu unavyotoka, nusu mgonjwa wa manjano, nusu maiti. Ondoeni rangi, mtabaki na mwanga na kivuli, na hapo ndipo ukuta wa kale na baiskeli iliyoegemezwa vinaanza kusema. Hata jicho lenyewe gizani halioni rangi, Mungu ndivyo alivyoliumba. Kuna mpiga picha mmoja mzaliwa wa mji wa Brassó, akajiita Brassaï kwa jina la mji wake, kama mtu wa Pangani kujiita Mpangani. Huyo alizunguka Paris usiku miaka ya mwanzo ya 1930, na muda wa kuacha lenzi wazi aliupima kwa sigara: Gauloise moja kwa mwanga fulani, Boyard, iliyo nene zaidi, kukiwa na giza zaidi. Hakuwa na simu wala mita ya kisasa ya kupimia mwanga, na hadi leo anatajwa. Sisi wenye kamera za mamilioni tunalalamika.

Mmesema hela iko kwenye rangi. Ni kweli, kwenye harusi. Lakini chama hiki hakikuanzishwa kutafuta harusi.

Imesemwa pia kwamba kati ya picha 22 zilizotundikwa, 7 zilikuwa zangu. Ni sahihi. Siku ya mwisho ya kupokea, picha zilikuwa 15. Kuta hazijazi zenyewe. Na umeme kukatika siku ya ufunguzi si kosa langu. Wageni walitazama kwa tochi za simu, na wapo walioniambia imependeza zaidi hivyo.

Lingine ni vifaa. Nilinunua kwa shilingi 385,000 kamera moja ya filamu iliyotumika, tangi la kusafishia, mashine ya kukuzia picha, dawa na filamu 8. Mzee mmoja wa studio alikuwa anafunga na kuhamia Muheza, na bei ile ilikuwa ya siku mbili. Katiba inamruhusu mwenyekiti kutumia fedha kwa dharura. Mkiona hiyo haikuwa dharura, mje kwenye vikao mseme kabla, si baada.

Kati ya filamu zile 8, zimeharibika 3. Moja ilifunguliwa mchana kweupe na mwanachama, simtaji, anajijua. Mbili zilitoka hafifu, nami naeleza sababu ili lisirudiwe. Filamu gizani huchoka. Hii yetu ya nyeusi na nyeupe, HP5 Plus, mita ikikwambia sekunde 10, yenyewe inataka kama 20. Ikikwambia dakika 2, inataka karibu 9. Nilikuwa sijaelezwa hilo, na aliyeniuzia hakusema. Kwenye dawa napo kuna shida yetu ya pwani: D-76, dawa ya kusafishia filamu hii, inataka nyuzi 20 kwa dakika 7 na nusu, na maji yetu ya bomba yanatoka kama ya kuogea mtoto mchanga. Nilikwenda mwenyewe kwa wavuvi Deep Sea alfajiri, kwa pesa yangu, kununua barafu ya wavuvi ya kuzungushia tangi. Chumba cha giza tunakosafishia filamu kikanuka samaki changu siku tatu. Posho sijadai.

Tongoni tulikwenda usiku wa mwezi mpevu, maji ya bamvu, kwa ruhusa. Walijiandikisha watu 15, waliopanda gari ni 6. Gari ni shilingi 120,000 hata likienda tupu. Lakini waliokwenda waliona: makaburi yale ya kale chini ya mbalamwezi, lenzi wazi dakika 9, nyota zimevuta mistari mifupi juu ya ukuta wa msikiti. Picha ile iliyowekwa mlangoni kwenye maonyesho ndiyo hiyo. Ni yangu, ndiyo.

Fedha. Ada ni 36,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 13, waliolipa nusu 9, ambao hawajatoa hata senti 19. Ada iliyoingia ni 630,000, viingilio vya wapya 80,000, michango ya maonyesho 250,000, na mgao wa picha zilizouzwa 50,000. Jumla 1,010,000. Matumizi: maonyesho 430,000, vifaa 385,000, gari 120,000, vikao na karatasi 61,000. Jumla 996,000. Benki kuna 14,000. Tunadaiana 846,000 sisi kwa sisi. Anayeuliza kwa nini hatuna stendi za chama za miguu mitatu, jibu liko kwenye hiyo namba ya mwisho. Wawili kati ya waliopiga kelele zaidi kuhusu vifaa wamo kwenye hao 19. Orodha anayo mweka hazina, siisomi leo kwa kuwa kuna wageni.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kwenda mbali zaidi, pengine Lushoto, pengine hata Bagamoyo, na kuwa na chumba cha giza cha kudumu, fedha zikiruhusu. Kuhusu rangi kurudi kwenye maonyesho, kamati italiangalia, ikikaa.

Kwa sasa ufunguo wa chumba cha giza uko kwangu. Anayeutaka apige simu kabla ya saa mbili usiku, na aje na barafu yake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti