Msiwakatishe tamaa wapiga gitaa wachanga

Ndugu Mhariri,

Nafundisha gitaa hapa Morogoro, mji wa mpiga gitaa maarufu Mbaraka Mwinshehe, na inaniuma kusikia vijana wakiambiwa vidole vyao ni vifupi mno kwa kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F, ile ya kubana nyuzi zote sita kwa kidole cha shahada. Mara nyingi kasoro iko kwenye gitaa lenyewe: nyuzi zimekaa juu mno upande wa kichwa. Fundi azishushe kwanza.

Walimu wenzangu, tuwaanzishe freti ya tano (freti ni nafasi kati ya vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa, zikihesabiwa kutoka kichwani), ambako nyuzi hubonyea kwa urahisi. Kidole kilale kwa ubavu, karibu kabisa na chuma cha freti. Mkono mzima uvute kuelekea nyuma, dole gumba lisikabe shingo. Kiganja kikianza kuuma, mwanafunzi apumzike.

Mwalimu wa gitaa,
Morogoro