Barua kwa wahifadhi: nilimwandika kipunji kuwa kima tu

Kwenu wanangu wa TANAPA wenye hifadhi za taifa, TAWA wa wanyamapori, TFS wa misitu na TAWIRI wa utafiti, na nyie wa mashirika mnaopita hapa Tukuyu na magari yaliyojaa matope mpaka kwenye vioo,

Mugonile.

Nimestaafu ubwana misitu miaka mingi sasa, na mstaafu akiandika barua watu hudhani anafuatilia mafao. Sidai kitu. Nina kosa langu, nalitaja kwanza kabla sijawasema nyie.

Miaka ya tisini nilikuwa na daftari la doria, lile la jalada gumu lenye mgongo mwekundu. Siku moja mwindaji wa huku mlimani, mtu niliyemheshimu kwa umri wake ingawa kazi yangu ilikuwa kumkamata, aliniambia kuna kima huko ndani ambaye si hawa tunaowaona pembezoni. Ana manyoya marefu ya kahawia, kishungi kimemsimama kichwani, na mlio wake ni wa kubweka, kama honi ya lori la zamani. Akamtaja jina: kipunji. Nikacheka. Sisi Wanyakyusa tuna hadithi nyingi za wanyama wa msituni, wengine wapo na wengine hawapo, nami nikamtia huyo kwenye fungu la wasiokuwapo. Daftarini nikaandika neno moja: kima.

Mwaka 2003 watafiti wakamwona, Rungwe na kwenye msitu wa Livingstone. Walifanya nisichofanya mimi: walikaa na wawindaji, wakasikiliza, kisha wakapanda mlima. Mwaka uliofuata timu nyingine, isiyojua lolote kuhusu ile ya kwanza, ikamwona katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, kiasi cha kilomita 350 kutoka hapa. Mnaijua taaluma yenu. Kwa kawaida hapo zingeanza mbio za nani atachapisha kwanza na nani jina lake litabaki. Hawa walipojuana waliandika pamoja, na habari ikatoka mwaka 2005 katika jarida la Science. Mwaka 2006 kipunji akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani ukoo wake peke yake katika majina ya kisayansi, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima barani Afrika tangu 1923. Sensa iliyofuata ilikadiria wapo 1,117. Shule moja kubwa ya sekondari ina watoto wanaokaribia idadi hiyo.

Sasa tazameni anavyoishi leo. Akiwa mlima Rungwe yuko kwenye hifadhi ya mazingira asilia, ambayo ni ya TFS. Akivuka Bujingijila, ule ukanda mwembamba wa miti uliobanwa na mashamba, anaingia msitu wa Livingstone, ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo, ya TANAPA. Huku sare moja, kule sare nyingine. Pale katikati ni kwa mwanakijiji mwenye viazi vyake, na kipunji akishuka kula mahindi, mwenye shamba hajui ampigie nani simu. Na ukanda ule ukikatika, wa Rungwe na wa Livingstone hawataoana tena, hata kila mmoja wenu alinde upande wake kwa sifa zote.

Niliwahi kuona ofisi mbili, sizitaji, zikihesabu wanyama kwenye njia ile ile wiki ile ile, kila moja na fomu zake, hazikuambiana. Zote zilimkodi kijana mmoja wa kijijini awaongoze. Alilipwa mara mbili, akanunua mabati. Alinisimulia huku akicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka naye, ila usiku nilifikiria ile petroli.

Mambo ya takwimu kufungiwa kabatini nayaelewa, maana na mimi nilikuwa nayo kabati. Mtu ameteseka na mvua ya Rungwe, halafu aje mwingine aombe faili. Lakini picha ya kamera ya mtegoni iliyokaa miaka mitano kwenye kompyuta ya mtu imemsaidia mnyama gani?

Chukueni chikanda, kile chakula cha Zambia kinachopikwa kwa viazi vya okidi. Kitulo imekuwa hifadhi tangu 2005, tunaiita Bustani ya Mungu kwa maua yake, na okidi zake zinachimbwa viazi vyake kwa ajili ya kuliwa Zambia. Nimeshawahi kufunguliwa gunia la namna hiyo: viazi vidogo, vimeshikana na udongo mweusi, majani hayapo, ua halipo. Hata mtaalamu wa mimea aliyesoma hawezi kwa macho tu kusema kila kimoja ni cha okidi gani. Je, yule mkaguzi wa mpakani Tunduma, mwenye foleni ya malori nyuma yake? Askari wa hifadhi anahitaji namba ya simu ya mtu wa mimea, mtu wa mimea anahitaji ya mtu wa forodha, na zote zijaribiwe kabla gunia halijafika mpakani.

Ya Ruaha Mkuu mnayajua kuliko mimi. Mto unakauka kiangazi tangu 1993, viboko wanabanana kwenye vidimbwi, na maji hayo hayo yanatakiwa na mpunga wa Mbarali na mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Askari wa wanyamapori na bunduki yake ataufanya nini mto? Amtafute mhandisi wa maji, na amtafute mkulima kabla ya kumtafuta mhandisi.

Ombi langu ni dogo. Mnaohusika na Rungwe na Kitulo, kaeni asubuhi moja Bujingijila, chini ya mti, si hotelini Mbeya, na ramani moja. Wenyeviti wa vijiji wawepo tangu mwanzo, si kuitwa mwishoni kufunga kwa sala. Mkubaliane nani anahesabu lini, na matokeo yasomwe kijijini kwa Kiswahili kabla hayajasafiri kwenda kwa wafadhili.

Yule mwindaji ameshatangulia mbele ya haki, sikuwahi kumwomba radhi. Wanawe wapo na njia wanazijua. Daftari langu nalo lipo, panya wamekula pembe moja tu. Anayelihitaji aje achukue, mimi sina kabati tena. Ila mje kwa gari moja.

Mzee wenu, Tukuyu